Siafu wa Burma

Benchi letu la Turwa ni ubavu wa lori bovu la jeshi, uliolazwa juu ya madebe mawili ya mafuta ya taa mbele ya duka la Mhindi. Mtu wa kulia akiinuka bila kutoa taarifa, wa kushoto anakwenda chini na kikombe chake. Hapo ndipo tunapoitengeneza dunia kila asubuhi, mashamba yetu yakiwa yanajilima yenyewe. Kahawa anapika Mseti, aliyekuwa mpishi wa askari huko Nairobi, akarudi na birika la shaba na tabia ya kutotabasamu. Kulia hukaa Rubeni, tunamwita Kamusi. Alikuwa mwalimu wa misheni mpaka alipoongeza mke wa pili wakamfukuza, ila Kiingereza walichokwisha kumpa hawakuweza kumpokonya. Katikati hukaa Magige, ambaye kazi yake ni kuhesabu ng'ombe wakiogeshwa dawa ya kupe, kwa hiyo jina lake ni Josho, na kwake hakuna jambo ambalo ng'ombe hajalipitia. Pembeni yake ni Waitara, mtu wa kuvuta nyaya za jeshi, tulikuwa naye Burma, tunamwita Simu. Na mwisho kabisa ni mimi, Nashoni. Jeshi lilinipa mistari miwili begani likachukua mguu mmoja, wenzangu wakapiga hesabu wakaniita Koplo Nusu.

Asubuhi ninayoisimulia ni ya mwaka 1954, siku ya Alhamisi. Nilifika kijiweni na barua mfukoni. Daktari Mzungu wa serikali alikuwa amenipa jana yake, imefungwa kwa gundi, akaniagiza nimkabidhi dereva wa lori la kwenda Musoma, saa sita juu ya alama, na mimi mwenyewe nipande na bahasha yangu. Lori lenyewe lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, karibu na zahanati ya huyo daktari, wanapakia ngozi za ng'ombe. Niliitoa ile barua nikaiweka juu ya benchi, nikasema sijui ndani kuna nini. Hakuna aliyejadili kama ni halali kuifungua. Mseti aliichukua akaishikilia juu ya mvuke wa birika, kwa ustadi ulionionyesha kwamba haikuwa barua yake ya kwanza.

Kamusi akavaa miwani yake yenye kioo kimoja, akakohoa.

Kamusi: "Mpendwa Daktari." Hapo si wewe, Koplo. Anamwambia mwenzake.

Mimi: Endelea.

Kamusi: "Mwenye barua hii ni askari wa zamani. Analalamika kwamba siafu wanatembea na kumng'ata kwenye mguu wa kulia. Mguu wa kulia hana."

Josho: Hapo amesema kweli.

Kamusi: "Mke wake amenithibitishia kwamba kila jioni humwaga majivu kuzunguka kitanda ili kuwazuia. Nakuomba umpokee hapo Dodoma akitokea Musoma na umkague akili."

Josho: Dodoma? Kule wanakopelekwa wenye kichaa?

Kamusi: Imeandikwa kwa adabu sana. Lakini ndiko.

Nilicheka, kwa sababu wote walikuwa wananitazama, na mimi mtu akinitazama sana huwa nacheka. Lakini Jumamosi ya wiki ile watu wa Ringwani walikuwa wanakuja kwangu kumposa binti yangu Gati. Nani ataleta ng'ombe wake kwenye boma la mtu aliyepelekwa Dodoma kukaguliwa akili? Wangeishia njiani, wangegeuza, na Gati angekaa nyumbani akinitazama mimi na mguu wangu mpaka uzeeni.

Nawe msomaji nikuambie jambo ambalo benchi halikulijua. Siafu hawapo. Sijawahi kuona siafu hata mmoja. Ni kwamba ule mguu unaniuma. Ulikatwa mwaka arobaini na nne, na bado unauma kwenye kifundo, kwenye nyayo, hasa kwenye kidole kikubwa, kama mtu anakipinda kwa koleo. Sasa kwetu sisi Wakurya mwanamume husimama mbele ya kisu cha tohara akiwa kijana, ukoo mzima umemzunguka, na hapepesi hata kope. Akikunja uso tu, habari hiyo watasimuliwa wajukuu zake. Mimi nilisimama kama nguzo ya zizi. Baba yangu alitembea kijiji kizima akijisifu. Tangu siku hiyo neno "inauma" halijawahi kupita mdomoni mwangu, hata nilipokatwa mguu. Nyangi, mke wangu, aliponikuta napiga kitanda kwa fimbo akauliza kuna nini, nilimwambia siafu. Maskini akaenda kuchota majivu. Amechota majivu miaka minane. Na daktari aliponiuliza nasikia nini, nikamtazama machoni, nikanyoosha mgongo kijeshi, nikamjibu: siafu, bwana.

Kwa hiyo wa kulaumiwa namjua. Kila nikijiangalia kwenye kioo cha Mhindi namwona.

Mimi: Jamani, nifanye nini? Lori saa sita.

Kamusi: Kwanza tujue ugonjwa wako uko wapi. Watu wa Ulaya wenye vitabu wanasema mtu ni wawili. Kuna mwili, huo unaweza kuupima kwenye mizani ya pamba. Halafu kuna akili, hiyo haipimiki. Mwili ni lori. Akili ni dereva.

Josho: Huyo dereva anakaa wapi?

Kamusi: Kichwani.

Josho: Wewe mura, mimi nimepasua vichwa vya ng'ombe zaidi ya mia moja. Ndani nimekuta kitu kama ugali wa muhogo uliopoa. Dereva sikumwona. Hata utingo sikumwona.

Kamusi: Ng'ombe hana akili, Josho.

Josho: Ng'ombe anayejua siku ya josho akajificha mtoni tangu alfajiri, huyo hana akili? Mbona wewe ulishindwa kumficha mke mmoja tu?

Mseti alimimina kahawa bila kucheka. Kamusi alifuta kioo chake kimoja, akaendelea kama mtu aliyezoea kutukanwa na wanafunzi.

Kamusi: Swali ni hili. Lori likivunjika gurudumu, unaita fundi. Dereva akilewa, fundi hana kazi hapo, unamwita polisi. Daktari wetu ameona gurudumu halipo, basi amesema mbovu ni dereva. Kwa hesabu yake hajakosea.

Mimi: Kwa hiyo mimi ni dereva mlevi?

Kamusi: Sijasema mimi, barua inasema. Mimi nafasiri tu.

 Simu, kama kawaida yake, alikuwa ameinamisha kichwa upande na kuziba sikio moja kwa kiganja, sisi tukidhani anafikiri. Sasa akaondoa kiganja.

Simu: Pale Burma tulivuta waya kutoka makao makuu mpaka kwa kikosi cha mbele. Bomu likaangukia kikosi. Hakuna mtu aliyebaki, simu yao imesagika. Lakini kengele ya makao makuu ikaanza kulia. Afisa anainua, haloo, haloo. Hakuna mtu. Anaweka. Inalia tena. Mchana inalia, usiku inalia.

Josho: Nani anapiga?

Simu: Hakuna anayepiga. Waya umekatika kule mbele, kipande kilichobaki kinaguswa na matope, basi kengele inalia. Kengele haina habari kwamba watu wamekufa.

Kamusi: Kwa hiyo Koplo ana kengele mguuni?

Simu: Kengele iko kichwani. Mguu ndio kile kikosi.

Tulimcheka mpaka benchi likayumba. Josho akamwambia awapigie simu watu wa Dodoma wasihangaike na lori. Simu akarudisha kiganja chake sikioni. Sasa hivi nikikumbuka naona kwamba asubuhi ile palisemwa neno moja la maana, na sisi tulilicheka kwa sababu halikuwa na ng'ombe ndani yake.

Josho: Mimi nawashangaa. Koplo, mguu wako ulizikwa wapi?

Mimi: Sikuuliza. Nilikuwa nimelala.

Josho: Ulizikwa Burma. Burma kuna udongo?

Mimi: Kuna matope tu.

Josho: Chini ya matope kuna wadudu. Wadudu wanaula ule mguu, mwenye mguu anasikia. Kichaa kiko wapi hapo? Angekuwa kichaa kama mguu unaliwa na yeye hasikii!

Kamusi: Burma kuna bahari katikati, Josho.

Josho: Nilikuwa na ng'ombe akauzwa Kisii. Siku alipochinjwa huko, ndama wake hapa alilia mpaka sauti ikakauka. Nani alimpa habari? Posta?

Kamusi: Miaka kumi imepita. Huo mguu ni mfupa mtupu. Siafu wanakula nini?

Josho: Basi hawa wa sasa ni wajukuu wa wale wa kwanza. Wamesikia tu kwamba zamani palikuwa na nyama.

Mseti: Kahawa.

Tukanyoosha vikombe. Nilianza kuona tabu yangu vizuri zaidi, na haikunifurahisha. Siafu wale wale, wakiwa Burma mimi ni mzima kabisa na serikali ya Burma ina makosa. Wakiwa kichwani mwangu, mimi ni kichaa na napanda lori. Na mimi niliyewaleta duniani hao siafu ndimi pekee niliyejua kwamba hawako huku wala kule, lakini nilikunywa kahawa yangu nikatikisa kichwa kama mtu anayepima hoja zote mbili.

Kamusi hapendi kushindwa na mtu ambaye hakusoma. Akasimama, nasi wa kushoto tukashikilia benchi.

Kamusi: Sikilizeni. Koplo alipokatwa, ulikatwa mguu wa mwili. Mguu wa roho hakuna msumeno unaoweza kuufikia. Kwa hiyo roho ya Koplo bado ina miguu miwili. Mnakubali?

Josho: Nakubali kwa sasa.

Kamusi: Siafu wa kawaida hula nyama. Roho haina nyama. Basi wanaomng'ata ni siafu wasiokula nyama. Yaani nao ni roho. Ni siafu waliokufa.

Josho: Aka! Hao nitakuambia ni akina nani. Ni wale aliowakanyaga yeye mwenyewe kwa mguu uleule alipokuwa nao. Wamekuja kumdai.

Kamusi: Hilo sasa ni neno.

Josho: Koplo, ulikanyaga siafu wengi?

Mimi: Sikuwahesabu.

Josho: Ona! Hata hesabu hana.

Ng'ambo ya barabara dereva wa lori alifungua boneti, akafunga. Jua lilikuwa limeshapita juu ya bati la Mhindi. Nikamwuliza Mseti saa ngapi, akatazama kivuli cha birika akasema tano na robo. Nikawauliza wenzangu, sauti yangu haikuwa nzuri, dawa wanayo au hawana?

Josho: Dawa ipo. Usiende Dodoma. Ondoka sasa hivi upitie nyuma ya duka, uende upande wa Kewanja. Kuna mzee Nyangwine, fundi wa kufungua vichwa. Anapasua ngozi, anakwangua mfupa taratibu kwa kisu chake, anaacha tundu dogo. Siafu watatoka wenyewe.

Kamusi: Si tumesema siafu ni roho?

Josho: Roho haipiti kwenye tundu? Binamu yangu alipigwa rungu kwenye vita vya ng'ombe, akawa analia jua likizama. Nyangwine akamfungua. Leo hii yuko mzima, analima.

Kamusi: Analima wapi?

Josho: Kwenye shamba la jirani. Anadhani ni lake. Lakini analima!

Mimi: Na huyo Nyangwine anakwangua mtu akiwa amelala?

Josho: Akiwa amekaa, tena macho wazi. Kwani wewe si mwanamume? Ulisimama, au hukusimama?

Mimi: Nilisimama.

Josho: Basi.

Hapo ndipo nilipoona nimebanwa na pande zote mbili. Upande mmoja lori, upande mwingine kisu, na kwenye hivyo vyote viwili kazi yangu ni ileile: nikae nimenyoosha mgongo, nisikunje uso. Nilihisi uchovu ambao sijawahi kuuhisi hata Burma. Na wakati huohuo kidole kikubwa cha mguu nisio nao kikaanza.

Kamusi: Kabla ya kufungua kichwa lazima kuwe na kipimo. Hata misheni tulikuwa tunapima kwanza.

Josho: Hapo nakuunga mkono. Ng'ombe huwezi kumpa dawa bila kumpima.

Kamusi: Koplo avue huo mguu wa mti. Anyooshe ule mwingine, wa roho. Sisi tumwage kitu cha moto pale ambapo ungekuwepo. Tuone.

Simu: Akisikia?

Kamusi: Akisikia, dereva ni mbovu. Aende Dodoma.

Josho: La, akisikia ni mzima! Mguu wake unafanya kazi.

Kilikuwa kipimo kizuri sana, maana jibu lolote lingewapa ushindi wote wawili. Nilivua mguu wa mti. Josho akaupokea, akaugongagonga, akauegemeza ukutani, na Mseti akautundikia kikombe kimoja kilichooshwa. Nikanyoosha paja langu. Mbele ya goti palikuwa na hewa tu, na chini ya hewa vumbi la Turwa.

Mseti: Kahawa imebaki kikombe kimoja. Sitapika nyingine leo.

Josho: Ni kwa ajili ya elimu, Mseti.

Mseti alilitazama birika, akaitazama ile hewa. Alikuwa amepika miaka sita jeshini, nadhani alishaona mengi. Akainua birika juu sana, kama anavyofanya anapotaka kumfurahisha mteja, akamimina.

Sijui niseme nini. Niliona kahawa inashuka, nikaona moshi wake, nikaona inapita katikati ya mguu wangu, nikauvuta. Niliuvuta kwa nguvu zote. Uso wangu ukakunjika wote, macho yakafumba, na mdomoni ikanitoka sauti ambayo baba yangu angeisikia angekana kwamba ananijua. Benchi likapinduka. Kamusi akaangukia barua, Josho akaangukia Kamusi, mimi nikaangukia madebe. Simu peke yake ndiye aliyewahi kusimama.

Nilingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameuona uso wangu, wote wanne. Kahawa ilikuwa inafuka vumbini, haijamgusa mtu.

Hivyo ndivyo alivyotukuta Teresia, Mjaluo wa Shirati anayeleta samaki wakavu sokoni. Kila Alhamisi alikuwa anapita mbele yetu na kikapu chake kichwani bila kusimama, nasi tulikuwa tukimtania kwamba wanaume wa kwao hung'oa meno ya chini kwa kuogopa kisu. Siku hiyo alisimama.

Teresia: Habari za hapa, baba zangu. Naweza kupata kahawa?

Mseti: Imekwisha.

Teresia: Naiona. Mbona mmeimwaga?

Josho alinyanyuka akajipangusa.

Josho: Tunapima mguu wa Koplo, mama.

Teresia: Huo wa mti?

Josho: Ule mwingine.

Teresia: Upi mwingine?

Kamusi: Ni jambo refu, mama. Kuna mwili, halafu kuna akili. Sasa mguu wa roho...

Teresia hakumsikiliza. Alitua kikapu chini, akachuchumaa mbele yangu pale nilipokuwa nimekaa katikati ya madebe, akanitazama uso.

Teresia: Inauma?

Nawaambieni, tangu saa mbili asubuhi tulikuwa tumeketi pale. Tulikuwa tumeshavuka bahari, tumefufua wadudu, tumempa mtu roho yenye miguu miwili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza hilo. Na sasa lilipoulizwa, hakuna aliyejua aweke wapi macho. Nilifungua mdomo.

Mimi: Kuna sia...

Sikumaliza. Alikuwa bado amechuchumaa, anangoja, kama anavyongoja mteja aamue samaki yupi.

Ndipo Kamusi akageuka. Alitupa mgongo akaanza kutazama ukuta wa Mhindi kama umeandikwa kitu. Josho naye akageuka. Simu akageuka. Mseti akainama kwenye birika tupu akaanza kulisugua. Siku ile niliposimama mbele ya kisu, watu wote waliniangalia wasinipe hata nafasi ya kupumua. Asubuhi ile wanaume wanne wa Turwa walinipa migongo yao, makusudi, na mpaka leo sijapata zawadi kubwa kuliko ile.

Mimi: Inauma, mama. Inauma sana. Tangu Burma.

Niliona aibu, kisha nikaona sioni aibu sana kama nilivyofikiri. Machozi yalitoka mawili matatu nikayafuta kwa kofia.

Teresia: Ndugu yangu alikatwa mkono na mashine ya pamba. Unamuuma mpaka leo, vidole anavitaja kimoja kimoja. Daktari alimwambia wako wengi wa namna hiyo.

Mimi: Hawakumpeleka Dodoma?

Teresia: Kufanya nini? Alisema unauma, wakampa dawa ya maumivu. Wewe ulimwambia daktari nini?

Mimi: Siafu.

Teresia: Siafu?

Mimi: Siafu.

Aliwatazama wenzangu, mmoja mmoja, kwa migongo yao.

Teresia: Na ninyi nyote mmekaa hapa mnakunywa kahawa, na daktari yuko pale ng'ambo. Si mngevuka barabara mkamwambia?

Kamusi alikohoa. Josho alitazama lile bati la Mhindi.  Dereva wa lori akapiga honi, mara ya kwanza.

Kamusi akaigeuza ile barua, ilikuwa na alama ya kiwiko cha Josho katikati. Akatoa kipande cha penseli nyuma ya sikio.

Kamusi: Koplo. Niandike nyuma yake, kwa Kiingereza? Utaingia nayo, huna haja ya kusema kitu.

Nilifikiri. Ilikuwa njia nzuri. Mtu angeweza kuingia amenyoosha mgongo, akatoa karatasi, akatoka hajakunja uso.

Mimi: Hapana. Nitasema mwenyewe. Nimeshasema mara moja, pengine ya pili ni nyepesi.

Tukaondoka benchi zima. Nilishika bega la Simu nikawa naruka kwa mguu mmoja, Kamusi mbele na barua, Josho akiwafukuza mbuzi njiani kama tunampeleka kijana nyumbani baada ya kutahiriwa, ila hakuna aliyethubutu kuimba. Katikati ya barabara nikasikia mtu anatuita. Ni Teresia, kikapu kichwani, ameushika mguu wangu wa mti mkononi na kikombe cha Mseti bado kinaning'inia. Tulikuwa tumeusahau. Nikauvaa palepale katikati ya barabara, dereva wa lori akitutazama.

Tulipofika mlangoni kwa daktari Kamusi na Josho walibaki kwenye ngazi. Simu alinisindikiza hadi kizingitini. Halafu akanishika mkono wa shati, akainamisha kichwa upande wake uleule, kiganja sikioni.

Simu: Koplo. Ukiwa ndani, mwulize kitu kimoja. Usitaje jina.

Mimi: Nimwulize nini?

Simu: Mtu ambaye kengele yake inalia tu. Mchana inalia, usiku inalia. Na yeye anajua kabisa kwamba hakuna anayepiga. Huyo naye anaandikiwa lori?

Nilimtazama. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja miaka yote hiyo, na mkono ule sikioni niliuona kila siku.

Mimi: Waitara. Inauma?

Honi ililia mara ya pili. Alikuwa anatazama lori, kiganja bado sikioni.